Nani Kasema Spea ya Kuchonga si Spea?

Imo kasumba moja katika ofisi na shule zetu ambayo imepigwa vita kwa maneno mengi na kuachwa salama kwa vitendo. Ni ile imani kwamba kipande cha chuma hakiwi spea mpaka kiwe kimevuka bahari. Kikichongwa Mbeya au Shinyanga kwa mkono wa mtu tunayemjua, huitwa ubabaishaji. Kipande cha namna hiyo hiyo kikija ndani ya kiboksi chenye maandishi tusiyoweza kuyasoma, afisa hukitia saini, mtunza stoo hukipokea kwa mikono miwili, na hakuna hata mmoja wao anayekifungua kiboksi ili akipime. Nakusudia kuishambulia imani hiyo leo, na nitaishambulia kwa kutumia chombo cha hali ya chini kabisa barabarani: baiskeli iliyofungwa injini.

Katika safari moja ya kikazi Nyanda za Juu Kusini nilikutana na mwalimu mstaafu ambaye kila alfajiri hupeleka maziwa ya ng'ombe wake, pamoja na ya majirani wanne, kwenye kituo cha kukusanyia kilicho umbali wa kilomita 14. Njiani vipo vilima viwili. Pikipiki hakuimudu, miguu imechoka, na maziwa hayasubiri. Basi aliinunulia baiskeli yake ya kawaida injini ndogo ya mipigo miwili, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, ambayo huuzwa ikiwa seti nzima: injini, tangi, mnyororo wa pili, na gurudumu la meno linalobanwa kwenye spoku za nyuma. Kwa mwaka mmoja na zaidi chombo hicho kilimtumikia. Kisha injini ikaanza kugonga.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo. Bushi ya kichwa cha juu cha konrodi, pale pini ya pistoni inapopita, ilikuwa imelika. Na gasketi ya kichwa cha silinda ilikuwa imeungua, moto ukawa unavujia pembeni. Mzee alizunguka maduka yote ya pale wilayani. Akamtuma binti yake atafute Dar es Salaam. Jibu lilikuwa moja: vipuri vya injini hizo havipo, nunua injini nyingine. Hebu tafakari ukubwa wa tusi hilo, ndugu msomaji. Kipande kisichozidi pete ya kidoleni kimelika, na mkulima anaambiwa atupe mashine nzima! Biashara ya namna hii haitaki mteja awe na fundi. Inamtaka awe na pesa tu, tena kila mwaka.

Mzee hakutupa injini. Aliipeleka kwa fundi baiskeli mwenye kibanda cha mabati karibu na stendi, na hapo ndipo nilipowakuta wote wawili.

Gasketi haikumchukua fundi yule hata saa mbili. Alichukua bamba jembamba la shaba nyekundu lililotoka kwenye chombo kikuukuu cha umeme, akalilaza juu ya kichwa cha silinda, akaligongagonga kwa nyundo ndogo mpaka kingo zikajichora zenyewe, akalikata kwa mkasi na kulisafisha kwa tupa. Kisha akafanya jambo ambalo watu wengi wenye vyeti wasingelikumbuka: alilitia motoni mpaka likawa jekundu, akalichovya katika maji. Shaba iliyogongwa huwa ngumu, na ikiwa ngumu haikai vizuri kuziba. Moto ndio unaoirudishia ulaini wake. Nilimwuliza nani alimfundisha. Alisema marehemu baba yake, aliyekuwa mhunzi.

Bushi ilikuwa kazi nyingine. Alipata bronzi kutoka katika pampu ya maji iliyokufa. Hakuwa na mashine ya kukerezea chuma, kwa hiyo alikibana kipande kile kwenye mashine ya kutobolea, akaizungusha, na kukipunguza kwa tupa kidogo kidogo kikiwa kinazunguka. Tundu la ndani akalinyoosha kwa msasa aliouviringisha kwenye nondo. Tundu la mafuta hakulisahau, kwa maana bila hilo oili haiifikii pini. Bushi ya kwanza ililegea, ikagonga tena baada ya siku chache. Ya pili ilibana mno. Injini ikakwama kilima cha kwanza, mzee akasukuma baiskeli na madumu yake mpaka nyumbani. Ya tatu ndiyo iliyokaa. Kipimo chake chote kilikuwa kidole gumba na sikio. Kwa siku nne fundi huyo alifanya kazi ambayo kwenye mashine ya kukerezea, akiwa na mikromita mkononi, isingemchukua hata saa moja.

Sasa sikilizeni uchungu wenyewe. Mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye kibanda hicho ipo karakana ya taasisi moja ya umma. Nilikwenda kuiona. Ndani yake ipo mashine ya kukerezea, nzima kabisa, imefunikwa turubai, na grisi iliyopakwa kuzuia kutu imekauka na kuwa kama gundi. Katika kabati la kioo mnaonekana kalipa na mikromita ndani ya vikasha vyake vya mbao. Kabati lina kufuli. Nilimwuliza mhusika kwa nini fundi wa pale stendi asiruhusiwe kuitumia mashine ile siku mbili kwa juma, kwa ada na chini ya usimamizi. Alinijibu kwamba mali ya umma haiwezi kutengenezea vitu vya mitaani, na kwamba spea ya kuchonga si spea. Nilimwuliza umma huo ni akina nani. Akaniambia nisilete siasa.

Naam, niliileta siasa, na ninaileta tena hapa. Kama mashine iliyonunuliwa kwa kodi ya wakulima inalala miaka chini ya turubai huku mkulima akisukuma baiskeli kupanda kilima, basi hilo ni jambo la siasa kuliko mengi tunayopigia makofi mikutanoni.

Lakini tuichambue hoja yake kwa utaratibu, kwa kuwa wengi wanaishiriki bila kuisema. Spea ya kuchonga si spea: kwa nini? Watajibu kwamba haina uhakika. Vema. Je, ile ya kiboksi ina uhakika gani? Injini hizi za baiskeli, aina iliyoenea zaidi, huuzwa kwa jina la sentimita za ujazo 80. Mwalimu wa hisabati na achukue kalipa. Kipenyo cha silinda ni milimita 47, na mwendo wa pistoni ni milimita 38. Zidisha nusu ya kipenyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa mwendo huo: unapata sentimita za ujazo 66. Kumi na nne nyingine zimo kwenye maandishi tu! Kiboksi kimesema uongo, na uongo huo umevuka bandari, umepita madukani, umeaminiwa na wateja wenye elimu, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba kitu kilichotoka ng'ambo kinastahili kupimwa. Fundi wa stendi tunamshuku kwa vile hana cheti. Kiwanda cha mbali tunakiamini kwa vile hatukijui.

Uhakika wa kipuri unatokana na mambo mawili: madini yaliyomo, na vipimo vyake. Yote mawili yanaweza kukosekana kwenye kiboksi, na yote mawili yanaweza kupatikana kibandani kama fundi akipewa vyombo. Sisemi kwamba kila kitu kichongwe. Upo upumbavu wa upande wa pili pia, wa wale wanaoshangilia kila kilichotengenezwa nyumbani hata kama kitamvunja mtu shingo. Gasketi, bushi, spesa, vishikizo vya injini, mabano ya ekzosi na wenzo wa klachi ni vitu ambavyo karakana yoyote ya wilaya inaweza kuvitoa vikiwa sawa na vya kuagizwa, au bora zaidi. Pini ya kranki ni habari nyingine, maana inahitaji chuma cha aina maalumu kilichotiwa ugumu kwa joto linalopimwa. Pistoni ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Inaonekana rahisi: yeyusha pistoni kuukuu, mimina kwenye kalibu ya mchanga, kereza. Hata hivyo alumini hupanuka kuliko chuma. Pistoni ya alumini yenye kipenyo cha milimita 47 ikiongezewa joto la nyuzi 100 hupanuka kwa kadiri ya milimita 0.11, hali chuma cha kipimo hicho hicho hupanuka kwa karibu nusu yake. Mtu akiichonga ikae barabara kwenye silinda ya chuma ikiwa baridi, itakwama ikipata moto. Nafasi inayotakiwa haionekani kwa jicho wala haisikiki kwa kidole. Pasipo mikromita, fundi hodari anageuzwa mcheza kamari, na dau ni mifupa ya mwendeshaji.

Na fundi yule, nataka ieleweke, alilijua hilo kuliko mwenye ufunguo wa kabati. Nilipokuwa pale, mzee alimwomba amchongee pia mkono wa breki ya mbele uliokuwa umepata ufa. Fundi aliukagua, akaurudisha. "Breki sichongi, mwalimu," alisema. "Breki kanunue." Huyo ndiye tunayemwita mbabaishaji.

Wako watakaosema kwamba nchi haiwezi kujengwa kwa bushi za baiskeli. Na wafungue historia. Mjini Hamamatsu, Japani, alikuwapo fundi gereji aliyeitwa Soichiro Honda, ambaye katika miaka ya 1930 aliamua kutengeneza ringi za pistoni. Zilimshinda. Kati ya ringi 50 alizopeleka Toyota zikaguliwe, zilizofaulu zilikuwa 3. Kosa lake lilikuwa katika madini, na akiwa mtu mzima mwenye mke na kiwanda alikwenda kuketi darasani katika chuo cha ufundi cha mji huo ili ajifunze sayansi ya metali. Mwaka 1946, nchi yake ikiwa imeteketea kwa vita, alizipata injini ndogo zilizokuwa zikiendesha majenereta ya redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Tangi la petroli la baiskeli ya kwanza lilikuwa chupa ya maji ya moto, ile ya kupashia kitanda joto. Miaka miwili baadaye aliunda kampuni iliyobeba jina lake. Sikusudii kumsifu bepari. Mabepari wanao wa kuwasifu. Naonyesha tu kwamba mlango wa chuo ulikuwa wazi kwa fundi mwenye ringi mbovu mkononi. Hakuambiwa asilete vitu vya mitaani.

Au twende kwa rafiki zetu wa Kuba. Urusi ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, Kuba, ambayo ilikwisha kubanwa na vikwazo vya Marekani kwa miongo mitatu, ilijikuta bila mafuta na bila vipuri. Serikali ilileta baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China. Haukupita muda wananchi wakaanza kuzifunga injini: za pampu za maji, za misumeno ya miti, za mashine za kupulizia dawa. Chombo hicho wakakiita rikimbili. Spea zake hazikuuzwa popote duniani, kwa maana chombo chenyewe hakikuwa na kiwanda. Kila bushi na kila gasketi ilibuniwa karakana za uani. Ni kweli kwamba rikimbili nyingi zilikuwa hatari, na hazikuwa na usajili. Lakini nchi ile ilikuwa tangu mwaka 1976 na chama cha kitaifa cha wavumbuzi na waboreshaji wa mashine, mahali ambapo mfanyakazi anayetengeneza kipuri hutambuliwa kwa jina na kazi yake. Sisi fundi wetu anatambulika na mgambo wanapokuja kubomoa kibanda.

Kinachoudhi ni kwamba njia hii tulikwisha kuianza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha za kigeni si msingi wa maendeleo, na mwaka huo huo Elimu ya Kujitegemea ikataka shule iwe mahali pa kazi pia. SIDO iliundwa mwaka 1973 ili ihudumie viwanda vidogo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilirudia kwamba elimu na kazi viende pamoja. TEMDO ilianzishwa Arusha mwaka 1980, CAMARTEC mwaka 1981, na Nyumbu ikaanza Kibaha mwaka 1985. Katikati ya juhudi hizo, baada ya vita vya Kagera, zilikuja zile siku ngumu za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo malori na matrekta yalilala kwa kukosa spea, na mashine za kukerezea za karakana zetu zilifanya kazi usiku na mchana. Sitadanganya kwamba vyote vilivyotoka humo vilikuwa vizuri. Wazee wanakumbuka vipuri vilivyovunjika kabla ya kufika mjini. Ila mikono ilikuwa inajifunza. Kuanzia mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, maduka yalijaa tena, shida ikapungua, na pamoja na shida tukaitupa hata ile elimu tuliyokuwa tumeipata kwa jasho. Turubai lilianza kufunika mashine wakati huo.

Mwaka 2023 dola ziliadimika, na mwishoni mwa mwaka huo meli zikaanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka mbali. Waagizaji walilalamika. Nani aliyeliondoa turubai?

Tuna mazoea ya kujivunia mababu badala ya wajukuu. Tangu Peter Schmidt na Donald Avery walipochapisha mwaka 1978 utafiti wao juu ya tanuri za kale za Wahaya, kila mhadhara wa utamaduni haukosi kutaja kwamba watu wa Kagera walifua chuma bora karne nyingi kabla ya Wazungu kutufikia. Malungu ya Ufipa nayo tunayapiga picha. Mhunzi aliyekufa tunamheshimu. Aliye hai, mwenye grisi mikononi, hatumkaribishi hata kwenye benchi la ofisi.

Kwa walimu nina neno la pekee. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari, na tayari nimesikia katika vyumba vya walimu ukiitwa mkondo wa walioshindwa. Nani ameshindwa? Mwanafunzi wa fizikia anakariri kwamba metali hupanuka kwa joto, anapata alama zote, na hajapata kushika pistoni. Nje ya ukuta wa shule yake yuko mtu aliyekwamisha injini kwa sababu hakujua kanuni hiyo hiyo. Wawili hao wanahitajiana kuliko wanavyomhitaji mkaguzi. Mwalimu akimwita fundi darasani kwa vipindi viwili, bushi tatu zile, iliyolegea, iliyobana na iliyokaa, zingefundisha vipimo kuliko ubao mzima. Kiburi ndicho kinachozuia, maana ratiba inaweza kupangwa upya.

Na kwa watumishi wa ugavi: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imewapa nafasi ya kuwapendelea wa ndani. Msiseme mikono yenu imefungwa. Pikipiki ngapi za maafisa ugani zimeegeshwa nyuma ya ofisi za wilaya zikisubiri bushi, zikimea majani kwenye spoku? Mnaogopa hoja ya mkaguzi wa hesabu, naelewa. Kiboksi chenye risiti hakiulizwi maswali, na bushi ya kibandani itaulizwa. Basi ipimwe mbele ya mashahidi, kipimo kiandikwe kwenye hati ya mapokezi, fundi atie saini na ahakikishe kazi yake kwa muda maalumu. Na vya kiboksi navyo vipimwe vivyo hivyo kabla ya kupokelewa. Wengi watastaajabu ni vingapi vitarudishwa.

Kuhusu karakana ile ya umma, sikuridhika na jibu la mdomo. Niliandika barua kwa uongozi wa taasisi hiyo kuomba mambo matatu: mashine ifunguliwe kwa mafundi wa mji Jumanne na Alhamisi kwa ada itakayokubaliwa, vyombo vya kupimia vitumiwe humo humo ndani chini ya mkufunzi, na wanafunzi waruhusiwe kuwapo mafundi wanapofanya kazi. Nakala niliipeleka ofisi ya wilaya. Barua ina majuma saba sasa. Mzee wa maziwa alinipigia simu juzi kusema injini inakwenda, ila kelele ndogo imeanza upande wa klachi, na fundi ameuliza kama mashine imefunguliwa.